Ni Nani Aamuaye Kwamba Jambo ni Dogo?

Katika kata ya Ngulyati, wilayani Bariadi, kama ilivyo katika kata nyingine nyingi za Usukuma, msiba ukitokea watu hawangoji kuuliza marehemu alikuwa wa kanisa gani ndipo wachote maji na kuleta kuni. Unga huchangwa, majembe hutolewa, na vijana huenda kuchimba kaburi. Maswali huanza baadaye kidogo, wakati chungu kimekwisha injikwa. Nyama hii ameichinja nani? Ibada ataiongoza katekista, au mwinjilisti, au mzee wa kanisa wa Wasabato? Kwaya itapiga ngoma, au kinanda, au itaimba kwa sauti tupu? Na kama maziko yameangukia siku ya Jumamosi, je, ndugu wa marehemu aliye Msabato atashika jembe?

Twaitaja Ngulyati si kwa sababu watu wake ni wagomvi kuliko wengine. Twaitaja kwa sababu ni mahali pa kawaida kabisa: kata ya wakulima wa pamba, mahindi na mtama, na ya wafugaji wa ng'ombe, iliyokuwa chini ya Mkoa wa Shinyanga mpaka Mkoa wa Simiyu ulipoundwa mwaka 2012. Jambo linaloonekana hapo laonekana pote. Wala wasomaji wetu wa visiwani, wa Ukerewe na Ukara, wa Kome na Maisome, wasidhani kwamba habari za nchi kavu haziwahusu. Vijana wa Bariadi, Maswa na Meatu huvuka kwenda katika mialo yao kutafuta kazi ya uvuvi, hasa pamba inapokosa bei. Na dagaa wa visiwa hivyo hupanda magari mpaka minadani huko bara. Kijana avukaye na kifurushi chake huvuka na dini yake pia. Kwa hiyo maswali ya msibani Ngulyati hufika kambini ziwani, ambako watu hulala banda moja na kula sufuria moja, na huko huwa makali kuliko yalivyokuwa kijijini, maana kijijini mtu aliyekasirika aweza kwenda kwake.

Yafaa kusema mapema kwamba katika maswali hayo hapana hata moja lihusulo kama Mungu yuko, au kama Kristo alikufa na kufufuka. Waulizao wote wanayakiri hayo. Wanagombea chakula, siku, ngoma, kilemba, mavazi, na namna ya kuinua mikono. Upo msemo wa zamani, ambao aghalabu hunasibishwa na Mtakatifu Augustino ingawa kwa hakika ulitoka Ujerumani katika karne ya 17, wakati Wakristo wa huko walipokuwa wakiuana kwa ajili ya madhehebu. Msemo huo wawataka waumini washikamane katika yaliyo ya lazima, waachiane nafasi katika yasiyo ya lazima, na katika hayo yote wasiache kupendana. Ni msemo mzuri, nasi hatuna ugomvi nao. Lakini umeliruka jambo moja, nalo ndilo gumu kuliko yote: ni nani atakayepanga lipi liwekwe katika kapu gani?

Ili ugumu huo uonekane, hatuna budi kurudi nyuma kidogo. Mwishoni mwa miaka ya 1880 wamisionari wa CMS, yaani Waanglikana, walifungua kituo Nassa, kwenye ufuko wa Ghuba ya Speke, mahali ambapo leo ni katika Wilaya ya Busega, Mkoa huu huu wa Simiyu. Wakati huo Wakatoliki wa shirika la White Fathers walikuwa wamekwisha kaa Bukumbi, kusini mwa Mwanza, tangu mwaka 1883. Mwaka 1909 CMS waliondoka Nassa na kukiacha kituo mikononi mwa African Inland Mission. Tafakari, msomaji, maana ya makabidhiano hayo. Waumini ni wale wale na kijiji ni kile kile, lakini wachungaji ni wapya na wana desturi nyingine. Hakuna aliyewaita waumini wa Nassa kuwauliza ni desturi zipi kati ya zile walizofundishwa kwanza zilikuwa za lazima na zipi hazikuwa za lazima. Na kabla ya Vita Kuu ya Kwanza Waadventista Wasabato nao walikuwa wamefika Majita, ng'ambo tu ya Ukerewe.

Misheni za Kiprotestanti zilikuwa na mapatano ya kutoingiliana: huku kwako, kule kwangu. Mapatano hayo yalipunguza vita vya wamisionari, lakini yalizaa jambo jingine ambalo hawakulikusudia. Mtoto aliyezaliwa katika eneo la misheni moja alikua akidhani kwamba kila alilofundishwa na misheni ile ndio Ukristo wenyewe. Kukataza tumbaku, kukataza ngoma, kufunika kichwa, kupiga magoti au kusimama, yote aliyapokea katika bahasha moja na Injili. Hakuwa na jirani wa kumwonyesha kwamba mtu aweza kuomba akiwa amesimama na bado akasikiwa.

Kisha watu wakachanganyika. Soko la pamba liliwachanganya, reli na mabasi yaliwachanganya, na zaidi ya vyote ikaja Operesheni Vijiji ya miaka ya 1974 hadi 1976, iliyowatoa Wasukuma katika kaya zao zilizotawanyika na kuwaweka pamoja, barabara moja, kisima kimoja, shule moja. Siasa ya vijiji ina mengi ya kusemwa, mema na mabaya, lakini hili halijasemwa vya kutosha: iliwaweka Mkatoliki, mtu wa African Inland Church, Msabato na Mpentekoste ukuta kwa ukuta, bila yeyote kuwaandaa kwa ujirani huo. Ugomvi mwingi tunaouita wa kidini ni deni la mipaka ile ya zamani, ambalo sasa hulipwa na wajukuu.

Waafrika Mashariki walikwisha kuijaribu njia ya kupatana, tena mapema sana, na kilichotokea chastahili kukumbukwa na kila mtu wa visiwani, kwa kuwa aliyeipinga kwa nguvu zote alikuwa askofu wa kisiwa. Mwezi Juni 1913, huko Kikuyu, nchini Kenya, wamisionari wa CMS, wa Kanisa la Uskoti, wa Kimethodisti, na wa African Inland Mission hii hii iliyopokea Nassa, walikutana kutafuta namna ya kufanya kazi kama shirikisho. Mwenyekiti wao alikuwa J. J. Willis, Askofu wa Uganda. Mwishoni mwa mkutano Askofu Peel wa Mombasa aliadhimisha Meza ya Bwana katika kanisa la Waskoti, kwa kufuata kitabu cha sala cha Waanglikana, na wajumbe wa madhehebu mengine wakashiriki. Waliotoka pale walidhani wamefanya jambo jema, tena la kawaida.

Habari zilipofika Unguja, Frank Weston, Askofu wa Zanzibar, aliona vingine kabisa. Aliandika waraka wa wazi, akamtaka Askofu Mkuu wa Canterbury, Randall Davidson, awashitaki maaskofu wenzake wawili kwa uzushi. Magazeti ya Uingereza yalilivalia njuga jambo hilo kwa miezi mingi. Shauri lilipelekwa mbele ya baraza la maaskofu mwezi Julai 1914. Vita vikazuka mwezi uliofuata. Na jibu lilipotoka mwaka 1915 halikumridhisha mtu. Maaskofu hawakuhukumiwa, wala ibada kama ile haikupewa ruhusa ya kuwa desturi. Wenye mzaha wakasema kwamba, kwa hukumu hiyo, ibada ya Kikuyu ilimpendeza Mungu mno, ila isithubutu kurudiwa.

Ni rahisi kumcheka Weston. Sisi hatumcheki. Mtu huyu hakuwa mpenda ugomvi wa bure: mwaka 1920 alisimama hadharani kupinga Waafrika wa Kenya kulazimishwa kufanya kazi katika mashamba ya walowezi, wakati ambapo wengi waliojiita wapatanishi walikuwa wakitafuta maneno laini. Kwa Willis na Peel, kwamba mkate umegawiwa kwa watu ambao wachungaji wao hawakuwekewa mikono na askofu lilikuwa jambo la nje. Kwa Weston lilikuwa ni moyo wenyewe wa Kanisa, maana bila maaskofu, kwa imani yake, hapakuwa na Kanisa. Hawakugombana juu ya mkate. Waligombana juu ya kapu.

Hapo ndipo tunapotaka kusema neno letu. Mtu asemaye, "Ndugu yangu, hili ni jambo dogo, tusigombane," mara nyingi husema hivyo kwa sababu jambo hilo halimgharimu yeye kitu. Mla kambare huona kambare ni jambo dogo. Mwenye kupumzika Jumapili huona siku ni jambo dogo, kwa kuwa serikali, shule na soko vyote vinafunga siku yake. Kuliita jambo la mwenzako dogo ni aina ya ushindi, na mshindi huyo hushangaa kwa nini mwenzake hafurahi. Basi kama kweli ni dogo, na liwe dogo kwanza kwako wewe unayelitamka: wewe ndiwe uliache.

Hayo si maneno yetu wenyewe tu. Mtume Paulo, alipowaandikia Wakristo wa Rumi, alikuta mashauri mawili, chakula na siku, yale yale yanayosumbua Ngulyati na Ukara leo. Walikuwapo waliokula kila kitu, na waliokula mboga tupu. Walioiadhimisha siku fulani, na walioziona siku zote sawa. Ajabu ya sura ile ya 14 ni kwamba juu ya siku hakutoa hukumu nani ana haki. Alitaka kila mtu awe na hakika nafsini mwake. Mlaji alimkataza dharau. Asiyekula alimkataza kuhukumu. Na mzigo wa kujinyima aliuweka juu ya mwenye nguvu, yaani yule yule ambaye kwake jambo lilikuwa dogo.

Lakini msomaji mwangalifu atauliza: mbona Paulo huyo huyo aliwakemea Wagalatia kwa ukali kwa ajili ya siku na miezi? Na mbona alimtahiri Timotheo, kisha akakataa katakata Tito asitahiriwe? Tendo ni lile lile. Tofauti ni kwamba kwa Timotheo tohara ilikuwa njia ya kuingia katika nyumba za watu bila kuwachukiza, na kwa Tito ilidaiwa kuwa sharti la kuokoka. Jambo dogo hugeuka kubwa siku linapofanywa mlango ambao mtu asipoupita hahesabiwi kuwa Mkristo. Hivyo twaona kwamba kipimo hakimo katika chakula wala katika siku. Kimo katika kile tunachomfanyia asiyekubaliana nasi. Je, tunamnyima jina la ndugu? Je, tunakataa kumzika?

Tuyalete haya ufukoni. Katika mialo ya Ziwa kambare ni samaki wa watu wengi, mnene, mwenye mafuta, na wa bei nafuu. Hana magamba, na kwa hiyo Msabato hamli, kwa kufuata sheria ya vyakula iliyo katika Mambo ya Walawi. Mpikaji wa kambi atiapo kambare na sato katika sufuria moja, amemnyima mtu mmoja mlo, hata kama hakukusudia. Akitumia sufuria mbili, au akimpikia kwanza asiyekula kambare kisha wengine, hakuna imani ya mtu iliyoguswa, na gharama yake ni kuni chache. Katika misiba ya bara tumeona akina mama wakifanya hivyo bila mkutano wala kumbukumbu za kikao. Tunathubutu kusema kwamba jikoni pa Usukuma kumekuwa na elimu ya dini nzuri kuliko ile isikikayo katika vipaza sauti vya mikutano ya injili.

Chombo cha kuvulia dagaa ni kigumu kuliko sufuria. Dagaa huvuliwa usiku wa giza, kwa taa. Mwezi ukipevuka kazi husimama. Usiku wa giza katika mwezi una hesabu, na ndani ya hesabu hiyo mna usiku wa Ijumaa, ambao kwa Msabato ni Sabato imekwisha ingia tangu jua kuchwa. Mvuvi mmoja asipopanda, chombo kimepungukiwa mkono. Pengine hakitoki kabisa, na wenzake wote wamekosa riziki ya usiku ule. Hapa haitoshi kumwambia mtu avumilie. Wavuvi wenzake nao wana watoto. Yafaa jambo hili lisemwe kabla chombo hakijaingia majini: mwajiriwa aseme mapema ni usiku gani hatatoka, mwenye chombo atafute wa kushika nafasi yake, na mgao wa usiku huo uende kwa aliyetoka. Hapo kila mmoja amebeba gharama ya imani yake mwenyewe, wala hakumtwika mwenzake. Ugomvi tunaousikia mialoni mara nyingi hautokani na Sabato. Hutokana na Sabato iliyotajwa saa kumi na mbili jioni, taa zikiwa zimekwisha washwa.

Tumeahidi kusema juu ya ngoma pia, na hapa Usukuma una historia ya pekee. Wasukuma ni watu wa ngoma. Vyama vya Bagika na Bagalu vimeshindana kucheza tangu zamani, baada ya mavuno, na wachezaji wake walijulikana kwa kutumia dawa ili kuwavuta watazamaji upande wao. Wamisionari wengi wa kwanza, Wakatoliki kwa Waprotestanti, waliona hapo upagani mtupu, na mwongofu alitakiwa aziache ngoma pamoja na hirizi. Padre David Clement, Mkanada wa shirika la White Fathers, alishika njia nyingine. Pale Bujora, karibu na Kisesa, tangu miaka ya 1950, alikusanya vyombo na habari za Wasukuma katika makumbusho, akajenga kanisa kwa mfano wa nyumba ya Kisukuma, na mashindano ya Bagika na Bagalu yakaunganishwa na sikukuu ya Ekaristi, ambayo watu huiita Bulabo. Hayo aliyaanza kabla ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano kutoa mwongozo wake juu ya liturujia, tarehe 4 Desemba 1963, ulioifungulia milango lugha na muziki wa wenyeji.

Je, Bujora ilipatia au ilikosea? Wapo waumini waaminifu, wengine wao wakongwe waliochoma hirizi zao kwa mikono yao wenyewe, ambao hawawezi kusikia mdundo ule bila kukumbuka mganga. Kwao ngoma si ngozi na mti. Ni njia ya kurudi kule walikotoka. Na wapo vijana waliozaliwa Kanisani ambao kwao ngoma ni ngoma, kama vile kinanda ni kinanda, chombo ambacho huko Ulaya nacho kilipigiwa kelele na Waprotestanti wengine kikatupwa nje ya makanisa. Sisi twaelemea upande wa Bujora, wala hatufichi. Lakini hatuoni sababu ya kwaya ya vijana kumpigia ngoma mzee wa namna hiyo siku ya maziko ya mkewe. Jumapili zipo nyingi.

Sasa twageukia watumishi wa serikali, maana gazeti hili husomwa maofisini pia, na ni haki nao wapate fungu lao. Katiba yetu, katika ibara ya 19, imeuacha uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi. Ni kanuni ya hekima. Hata hivyo kila ofisa mtendaji wa kata anajua kwamba waumini wanaogombana hukimbilia ofisini kwake. Na wakishindwa hapo hupanda hadi wilayani, na mwishowe hadi kwa Msajili wa Jumuiya, kila upande umebeba katiba yake na mhuri wake. Wakati mwingine ofisa huvutwa ashike upande, hasa akiwa yeye mwenyewe ni muumini wa mojawapo ya makanisa hayo.

Mifano ya hatari yake iko wazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, huko Meru, mkoani Arusha, Walutheri wa kanisa moja, wenye katekisimu moja na nyimbo zile zile, waligawanyika kwa ajili ya mipaka na mamlaka ya dayosisi. Mali iliharibiwa, watu waliumizwa, dola ikalazimika kuingia. Na mgogoro ulipopoa Wameru walikuwa na dayosisi yao, lakini pia palikuwa pamezaliwa kanisa jingine pembeni. Hakuna aya ya Imani ya Mitume iliyokuwa ikibishaniwa. Na mwezi Februari 2013, huku huku kwetu Kanda ya Ziwa, katika Buseresere, Mkoa wa Geita, mchungaji mmoja aliuawa katika ghasia zilizotokana na swali la nani ana haki ya kuchinja nyama ya kuuza. Ugomvi ule ulikuwa kati ya Wakristo na Waislamu, si kati ya Wakristo wenyewe. Twautaja kwa sababu unaonyesha nyama inavyoweza kufika mbali endapo desturi iliyoishi miaka mingi bila kuandikwa inapoanza kudaiwa kama haki, na kila ofisi ikangoja ofisi nyingine iseme.

Ofisa afanye nini basi? Hatumwombi aamue kama Sabato ni Jumamosi. Twamwomba atambue kwamba yeye mwenyewe, pasipo kujua, huamua mambo hayo kila anapopanga siku. Mkutano mkuu wa kijiji ukiitishwa Jumamosi, Wasabato wote wamenyamazishwa kwa tangazo la mstari mmoja. Ukiitishwa Jumapili asubuhi, wamenyamazishwa wengine. Ijumaa adhuhuri, Waislamu. Chama cha ushirika kikipanga kupima pamba Jumamosi peke yake, kimempunguzia mkulima mmoja bei bila kukusudia. Nchini Kenya shauri la namna hii lilifika mahakamani: kanisa la Waadventista Wasabato lilidai wanafunzi wake wasilazimishwe masomo na mitihani siku ya Jumamosi, na mwaka 2017 Mahakama ya Rufani ikawakubalia kwamba shule hazina budi kuwapa nafasi. Twajiuliza kama ilihitaji miaka ya mawakili kulifikia jambo ambalo mwalimu mkuu mmoja mwenye kalenda angeweza kulimaliza mezani pake.

Kuna mahali ambapo viongozi wetu wamekwisha kuonyesha ustadi mkubwa, labda bila kujisifu vya kutosha. Mwanasiasa apandapo jukwaani Bariadi au Nansio husalimu kwa pumzi moja: Tumsifu Yesu Kristo, Bwana Yesu asifiwe, Asalaam aleikum, na kila kundi huitikia kwa zamu, kisha hotuba huendelea. Hakuna kamati iliyoketi kuchagua salamu iliyo sahihi. Ustadi huo huo haujafika katika kalenda ya wilaya.

Na maaskofu wa mwaka 1913, walimalizaje? Hawakukubaliana. Lakini mwaka 1918 mkutano wa pili ulipoitishwa Kikuyu, Weston alialikwa, naye akafunga safari kutoka Unguja kwenda kuketi katika ukumbi wa wale wale aliowashitaki, akaleta mapendekezo yake ya umoja. Mapendekezo hayakupita. Walioachwa na hoja zao waliunda ushirikiano wa misheni zao kwa yale waliyoweza kuyafanya pamoja, na mwaka 1926 matunda yake yakaonekana katika shule ya sekondari ya Alliance, pale pale Kikuyu, iliyofundisha vijana ambao makanisa yao yalikuwa bado hayajaafikiana juu ya nani aruhusiwe mezani. Weston naye, katika mkutano wa maaskofu wa Lambeth mwaka 1920, alikuwa miongoni mwa waliosukuma kwa nguvu wito wa umoja wa Wakristo wote. Aliyeitwa kikwazo cha umoja alikuwa akiutamani muda wote, ila kwa bei ambayo wenzake hawakuwa tayari kuitoa. Nao walimjua hivyo baada ya kumwalika tu.

Kwa sheria, mkutano mkuu wa kijiji hauna budi kuitishwa angalau kila miezi mitatu. Kwa mwaka hiyo ni mikutano minne, na wiki ina siku nne ambazo si za ibada ya mtu: Jumatatu, Jumanne, Jumatano na Alhamisi. Vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi visiwani navyo vina vikao vyao, na vingeweza, kabla ya giza la mwezi ujao, kuandika katika mapatano ya wenye vyombo na wavuvi namna usiku wa Ijumaa utakavyogawanywa. Taifa lenyewe limekwisha kuonyesha kwamba siku yahamishika: Uchaguzi Mkuu wa mwaka 2015 ulifanyika Jumapili, na ule wa mwaka 2020 ukafanyika Jumatano.